Mizani Kwanza, Lengo Baadaye

Mvua za Oktoba zinapokaribia katika milima ya Buha, kutoka Kasulu hadi Kibondo, kila kaya huwa na azma yake. Mmoja anasema mwaka huu atalima zaidi, mwingine atainua ukuta wa nyumba, mwingine anataka genge lake liwe duka, na kijana wa bodaboda ameapa kwamba safari hii pikipiki itakuwa yake. Azma hizo ni za kweli, na anayedai kwamba watu wa huku hawana malengo hajui kazi inayofanyika kwenye miteremko hii kabla jua halijachomoza. Lakini zaidi ya nini? Aliyevuna mwaka jana bila kupima hatajua kama mwaka huu amevuna zaidi; atakachojua ni kama amechoka zaidi. Tumezoea kuamini kwamba lengo linalopimika huanza na namba tunayoitamani huko mbele. Naamini huanza na namba tuliyo nayo leo, na katika wilaya hizi mbili namba hiyo ya leo ndiyo inayokosekana: daftari halijaandikwa, na sokoni hakuna mizani.

Semina za ujasiriamali zinazofanywa katika kumbi za halmashauri na makanisa hufundisha sana kanuni aliyoiandika Mmarekani George Doran mwaka 1981: lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kuliwajibikia, liwe la uhalisia na liwe na muda. Kanuni hiyo haina kosa. Miaka 13 kabla yake, Edwin Locke alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba anayepewa lengo mahususi na gumu kidogo hufanya vizuri kuliko anayeambiwa tu ajitahidi awezavyo. Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa mwaka 1975, kutoka kwa madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma. Malori yao yalikuwa yakibeba takriban asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipowekewa lengo la asilimia 94, bila kuongezewa malipo, mizigo ilipanda hadi kukaribia lengo hilo ndani ya miezi michache na haikurudi chini. Waandishi wengi wakikisimulia kisa hiki husifu lile lengo la asilimia 94. Mimi naitazama ile asilimia 60. Ilijulikana kwa sababu kila lori lilipita kwenye mizani katika kila safari. Bila mizani hiyo, asilimia 94 ingekuwa kauli ya kutia moyo, mfano wa zile tunazobandika ukutani kila Januari.

Hatuna haja ya kwenda Oklahoma, maana mkoa wa Kigoma wenyewe una ushahidi ambao haujasimuliwa vya kutosha hapa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakifia uzazini katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni walikuwa wengi kupita kiasi. Kabla ya kutangaza lengo lolote, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake walirudi kwenye kumbukumbu za mwaka 1984 hadi 1986. Walichokikuta ni mapengo: taarifa nyingi hazikuwa zimeandikwa kabisa. Baada ya kuyaona mapengo hayo ndipo walipopanga hatua 22, wakazitekeleza kuanzia 1987 hadi 1991 huku wakifuatilia idadi ya vifo kwa makini. Ukizisoma hatua hizo unaona jinsi zilivyokuwa za kawaida: vikao vya mara kwa mara vya kuchambua kazi ilivyofanyika, ratiba ya kutengeneza vifaa, mafunzo ya kazini, damu ya akiba, dawa muhimu, kitengo kidogo cha kutengeneza maji ya dripu, kusikiliza malalamiko ya wananchi, hata umbali kati ya nyumba za watumishi na hospitali. Kati ya 1984 na 1991, vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, yaani hadi moja ya tano. Dk. Mbaruku aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström, na wakasisitiza kwamba kazi ilifanyika kwa kutumia rasilimali zilizokuwepo papo hapo.

Kuna mambo mawili katika kisa cha Maweni ambayo mwenye duka wa Kasulu anaweza kuyachukua kama yalivyo. La kwanza, lengo kubwa la kuokoa maisha ya mama halikumwagizwa mtu yeyote likiwa zima. Lilivunjwavunjwa mpaka likawa kazi ambayo mtu fulani angeweza kuifanya siku fulani, na mwingine angeweza kuuliza kama imefanyika. La pili ni gumu zaidi kulikubali: ukianza kuandika vizuri, mwanzoni hali huonekana mbaya kuliko ulivyodhani. Hospitali inayojaza rejesta zake kikamilifu huonekana na vifo vingi kuliko ile isiyoandika. Kaya inayoanza daftari la matumizi hugundua mwezi wa kwanza kwamba ni maskini kuliko ilivyojidhania, na wengi hulitupa daftari hapo hapo. Ni lazima pia tuseme kile ambacho namba za Maweni hazikukipima. Zilihusu hospitali, na Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Mama aliyefia nyumbani au njiani hakuingia katika hesabu. Pengo hilo lilikuja kushughulikiwa baadaye, pale mradi ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies ulipovipa vituo vya afya vya vijijini uwezo wa kufanya upasuaji wa uzazi, kwa kuwatumia matabibu waliopewa mafunzo maalumu. Kipimo kilicho wazi humwonyesha anayekitumia hata mahali ambapo hakifiki.

Sasa tuje kwenye maharage, maana ndiyo yanayolipa gharama za watoto shuleni katika kaya nyingi za huku. Mkulima wa kawaida huhesabu mavuno yake kwa debe na kwa gunia. Debe likijazwa na mnunuzi huwa na kichwa, na gunia likifungwa na dalali huwa lumbesa. Sheria ya Vipimo inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukitoa onyo juu ya lumbesa mwaka hadi mwaka, lakini pale ambapo hakuna mizani sheria hukosa shahidi. Tufanye hesabu ya mfano. Ekari moja imetoa kilo 240, mavuno ya kawaida kwa mbegu za kienyeji bila mbolea. Mkulima anazifunga katika lumbesa mbili za kilo 120, naye analipwa bei ya magunia mawili ya kilo 100. Kilo 40 zimeondoka bure. Kilo 40 ni mbegu ya kutosha kupanda ekari nzima msimu unaofuata, mbegu ile ile ambayo mkulima huyo atakopa pesa kuinunua Oktoba, bei ikiwa imepanda. Mtu huyu akihudhuria semina akaambiwa aweke lengo la kuongeza mapato kwa asilimia 20, ataanza kufikiria kupanua shamba, kukodi vibarua, kununua mbolea. Hakuna atakayemwambia kwamba, kwa mavuno aliyo nayo tayari, mizani peke yake ingempa asilimia hizo 20: alilipwa kilo 200, na alizonazo ni 240.

Wapo watakaosema kwamba mkulima anajua fika kwamba anapunjwa, ila hana la kufanya kwa sababu mnunuzi ndiye mwenye lori. Ni kweli kwamba nguvu ya sokoni haiko mikononi mwake. Lakini kujua kwamba unapunjwa ni tofauti na kujua unapunjwa kiasi gani. Aliyejua kwamba msimu uliopita alipoteza kilo 40 ana sababu ya kuungana na majirani kumi wakanunua mizani ya kuning'iniza, kwa kuwa anaweza kulinganisha bei ya mizani hiyo na hasara yake. Asiyejua atalalamika tu, na malalamiko hayajawahi kupandisha bei ya kitu.

Mjini hali haitofautiani sana. Kijana anayeendesha bodaboda ya tajiri ana lengo linalopimika kuliko watu wengi: kila jioni lazima apeleke hesabu. Anaijua namba hiyo hata akiwa usingizini. Lakini ni namba ya tajiri. Yake mwenyewe, yaani kinachobaki baada ya hesabu, mafuta, oili, tairi na chakula cha mchana, hajawahi kuiandika, na kwa hiyo anaweza kufanya kazi mwaka mzima akidhani anapata, mpaka siku injini inapogoma. Mwenye duka naye huchota unga na sukari kwa matumizi ya nyumbani, akihesabu kilichobaki kwenye droo kuwa ndiyo faida. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ubaya wenyewe uko kwenye habari: hasara yenyewe biashara huweza kuihimili, lakini hasara isiyojulikana haina siku ya kuanza kurekebishwa.

Anayedhani kwamba watu wa vijijini hawawezi kazi hii ya hesabu aende kwenye kikao cha kikoba. Wanawake ambao baadhi yao hawakumaliza darasa la saba huendesha, kila wiki, mfumo wa fedha wenye nidhamu ambayo taasisi nyingi za mjini hazina. Hisa moja ina bei iliyokubaliwa, mwanachama hununua kati ya moja na tano, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mfuko wa jamii unatengwa, marejesho yanasomwa kwa sauti mbele ya wote. Anayenunua hisa tatu za shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 50 anajua kwamba siku ya kuvunja kikoba atakuwa na shilingi 300,000 zake, kabla ya faida ya mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi rasmi, lakini havikuingoja sheria ili viwe na utaratibu. Hapa lengo linapimika kwa sababu mwanzo unajulikana, hatua zinaonekana, na kuna macho ya wenzako.

Lakini kikoba hicho hicho kinatuonyesha pia namna kipimo kinavyoweza kudanganya. Kikundi kinachojivunia marejesho ya asilimia mia moja hakijui kama mwanachama wake alilipa kwa faida ya mboga alizouza au kwa kukopa kwingine. Mikopo ya kausha damu imeenea kwa kiasi fulani kupitia mlango huu: mtu anakopa kwa riba ya kuumiza ili asiaibike mbele ya wenzake siku ya kikao, kikundi kinapiga makofi, na nyumba yake inazama. Kilichopimwa kimefikiwa, na kilichokusudiwa kimevunjika. Kwa maoni yangu, kikundi kinachojali wanachama wake kingeongeza swali moja kwenye daftari, kando ya safu ya marejesho: fedha hii imetoka wapi? Jibu liandikwe kwa siri na katibu, kwa sababu bila jibu hilo ile asilimia mia moja haina maana.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi zito kuliko yote, nalo linatokana na historia ya mkoa huu. Watu wa Kasulu na Kibondo wana sababu za kuogopa malengo ya namba. Waha, wenyeji wa milima hii, waliishi wametawanyika, kila boma na mgomba wake na shamba lake karibu. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, na mwaka uliofuata agizo likawa la nchi nzima: wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Lengo hilo lilipimika kabisa. Lilikuwa na namba, lilikuwa na tarehe, na viongozi wa wilaya walishindana kulitimiza. Lakini lilihesabu watu waliohamishwa. Umbali mpya kati ya nyumba na shamba haukuwa sehemu ya lengo, wala mavuno, wala kuni, wala ridhaa ya mwenye boma. Shule na zahanati zilisogea karibu kwa baadhi ya watu, na haki itendeke kwa kulisema hilo, lakini gharama ya kuvunja makazi kwa kasi hiyo walilipa wakulima. Karibu nusu karne baadaye, Agosti 2019, namba nyingine ilitangazwa juu ya milima hii hii: Tanzania na Burundi zilikubaliana kuwarejesha wakimbizi 2,000 kwa wiki kuanzia Oktoba. Kambi za Nduta na Nyarugusu zilijengwa katika wilaya hizi tunazozizungumzia. Abiria wa mabasi wanahesabika getini bila taabu. Hiari ya mtu, ambayo ndiyo sharti la urejeshaji wa wakimbizi, haihesabiki kwa wepesi huo, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililazimika kukumbusha kwamba kurudi ni uamuzi wa mkimbizi mwenyewe.

Nalikubali pingamizi hili kuliko wanavyotegemea wanaolitoa. Linachokataa ni lengo linalochaguliwa na mtu ambaye hatalipa gharama yake, juu ya kitu kilichochaguliwa kwa sababu ni rahisi kukihesabu. Maweni ilikuwa kinyume chake: waliohesabu vifo ndio waliokuwa wodini, na walichohesabu ndicho hasa walichotaka kipungue. Kwa hiyo, kabla ya kukubali lengo lolote, liwe la kampuni, la halmashauri au la mume kwa mkewe, inafaa kuuliza nani ameliandika, na namba ikitimia maisha ya nani yatakuwa yamebadilika. Mkulima anayejiwekea kilo zake mwenyewe hana wa kumdanganya.

Lipo pingamizi la pili, ambalo husemwa kwa maneno machache: mipango si matumizi. Mvua ni ya Mungu, bei ni ya walanguzi, na lengo la gunia kumi litakuwa na faida gani jua likiwaka Desemba? Jibu langu ni kuyatenganisha yaliyo mikononi mwa mtu na yasiyo mikononi mwake, na kuyaandikia malengo yale ya kwanza. Tarehe ya kupanda, idadi ya palizi, kilo zitakazowekwa katika mifuko isiyopitisha hewa zisubiri bei ya Oktoba, hayo mtu anayaamua. Gunia kumi ni tarajio. Palizi mbili kabla ya maua ni lengo. Mvua ikikatika, aliyeandika atajua kwamba kazi yake aliifanya na hasara imetoka mbinguni, na hataacha mbegu nzuri kwa kosa lisilo lake. Na lengo ambalo halikufikiwa bado lina kazi. Dira ya Taifa ya 2025 ilitaka wastani wa pato la mtu ufike dola 3,000 kwa mwaka, nasi tumeufikia mwaka huo tukiwa na kama dola 1,200. Kwa kuwa namba ile iliandikwa, tunaweza kujadili palipopungua. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, imeandika dola 7,000. Watoto walioko darasa la kwanza leo watakuwa na haki ya kuuliza.

Pingamizi la tatu huwa linanong'onwa tu. Kuhesabu mali hadharani huvuta husuda, na daftari likionekana na ndugu huleta maombi ya mkopo usiorudi. Sioni haja ya kulibeza. Daftari la kaya ni la mke na mume, si la kijiji, na hakuna anayelazimika kusoma akiba yake barazani. Tena kuna mambo ambayo sitaki yahesabiwe kamwe: ni mara ngapi umemtembelea mzazi mgonjwa, au umempa jirani chumvi. Lakini ulezi nao una upande unaopimika. Mzazi anayesema anataka mwanawe asome anaweza kuandika siku alizokosa shule kwa sababu ya palizi au kuchunga mbuzi. Elimu bila ada imekuwepo tangu 2016. Siku za kukosa shule bado zinaamuliwa nyumbani.

Kwa hiyo dai langu kwa halmashauri ni dogo na linawezekana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya udhaifu katika usimamizi, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi huombwa andiko la mradi lenye makadirio ya faida ya miaka ijayo, na makadirio hayo hunakiliwa kutoka andiko hadi andiko. Kiombwe badala yake daftari la miezi mitatu iliyopita, hata kama lina hasara. Afisa maendeleo ya jamii atajifunza mengi kutoka kwenye hasara iliyoandikwa kwa ukweli kuliko kutoka kwenye faida ya kubuni. Na madiwani wa Kasulu na Kibondo, kikao cha bajeti kitakapokaa, waulize swali lenye namba: ni magulio mangapi katika halmashauri yetu yana mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mangapi yatakuwa nayo kabla maharage ya msimu huu hayajaingia sokoni?